Pasi ya yadi moja: lawama ni za Wilson au za Lockette?

Mleta mada

Wakuu, tuiweke mezani Super Bowl ya 49, fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), Februari 1, 2015, Glendale, Arizona. Seahawks wa Seattle wako nyuma 28 kwa 24, zimebaki sekunde 26, jaribio la pili kati ya manne, mpira uko yadi moja kutoka mstari wa goli. Kwotabeki (mrushaji wa pasi) Russell Wilson anamrushia Ricardo Lockette, beki Malcolm Butler wa Patriots anaunyakua. Mechi imekwisha hapo.

Kwa nini kocha wa Seahawks, Pete Carroll, hakumpa mkimbiaji wao Marshawn Lynch akimbie nao? Hilo limechambuliwa mpaka basi. Naomba tubaki uwanjani: mrushaji na mpokeaji, nani aliharibu?

Mimi nasema Wilson. Lockette alikuwa anakata kwenda ndani, na mpira ulimtangulia, tena kwa juu. Karibu na goli pasi ya namna hiyo inawekwa mwilini, usawa wa mkanda, ili mpokeaji aufunike. Ukimtanguliza, yeye na beki wanakuwa na haki sawa ya kuufikia, na Butler alikuwa anakuja kwa kasi, uso umeuelekea mpira.

Mchangiaji wa pili

Napinga, mkuu. Mchezo huu, yaani shambulizi hili lililopangwa, ni wa kuhesabu hatua. Kwotabeki anapokea mpira na kuurusha papo hapo. Anarusha mahali, harushi kwa mtu. Mpira ulipotoka mkononi, Lockette alikuwa na nafasi. Kuanzia hapo kazi ni yake: ashushe bega, anyooshe mikono, auendee. Yeye aliusubiri umfikie. Butler aliuendea, ndiyo maana walipogongana aliyeanguka bila mpira ni Lockette. Darrell Bevell, aliyekuwa anapanga mashambulizi ya Seahawks, alisema baada ya mechi kwamba Lockette angeweza kuuendea kwa nguvu zaidi.

Mchangiaji wa tatu

Bevell ndiye aliyeuita mchezo huo, kwa hiyo maneno yake tuyapime kwa mizani hiyo. Na Lockette kazi yake kubwa pale Seattle ilikuwa vikosi vya mipira ya kupigwa kwa mguu, si kupokea pasi za kuamua ubingwa.

Ila mnamsahau mtu wa tatu. Wapokeaji wawili walipangwa kulia, Jermaine Kearse mbele, Lockette nyuma yake. Mpira ukianza, Kearse anatakiwa asukume mbele, azibe njia ya beki wa nyuma, Lockette apite mgongoni kwake kuingia ndani. Sasa itazameni kwa taratibu. Brandon Browner, beki wa Patriots, anamkamata Kearse kifuani palepale mstarini, na Kearse hasogei. Browner alikuwa ametoka Seattle mwaka mmoja tu nyuma, mipango ile aliijua. Kearse akikwama, Butler hana wa kumkwepa. Na mazoezini wiki ile Butler alikuwa amefungwa kwa mchezo huohuo, kwa hiyo alipouona mpangilio alijua aende wapi.

Mleta mada

Hapo umenisaidia, maana Kearse na Browner wako mbele ya macho ya Wilson. Mtu wa kuziba akizuiwa, mchezo umekufa. Urushe miguuni kwa Lockette au utupe nje. Pasi isiyodakwa inasimamisha saa. Butler alipoanguka na mpira saa ilisoma sekunde 20. Seahawks wangebaki na majaribio mawili na taimauti moja, na Lynch bado yupo.

Mchangiaji wa pili

Unampa Wilson muda ambao hakuwa nao. Kuona kwamba Kearse amekwama na kuurusha mpira vilitokea kwa pamoja. Halafu hilo la "usawa wa mkanda" lina gharama yake. Wilson ni mfupi kwa kwotabeki, kama mita 1.80, na mbele yake kuna majitu yamenyoosha mikono. Pasi fupi ya chini inapigwa mkono, inapaa, na yeyote anaidaka. Ndiyo maana aliinyanyua.

Mleta mada

Hoja ya mikono ya safu ya mbele naipokea, na kimo nakiachia. Bado kuna upande. Chukua kimo kilekile, kasi ileile, urudishe mpira nusu yadi nyuma, kwenye kifua cha Lockette. Butler akifika anakutana na bega la Lockette kabla ya mpira. Kwa mbio alizokuja nazo pengine anaupangua, pengine anapigiwa faulo ya kuwahi kugonga. Kuudaka mkononi kwa usafi ule, hapana. Nusu yadi hiyo haikuwa mikononi mwa Lockette.

Mchangiaji wa tatu

Nusu yadi ni ya Wilson, sawa. Lakini kama Kearse angemsogeza Browner hatua moja tu, Butler angezunguka, na pasi hiyohiyo iliyotangulia ingekuwa ndiyo sahihi. Mimi naanza na Kearse, kisha Wilson. Lockette namweka wa mwisho.