Corolla AE100 haichaji betri, alteneta nimeshabadilisha, msaada wakuu

kijana_majengo:
Habari za jioni wakuu. Nina Corolla AE100 ya zamani, nakaa Moshi kazi iko Arusha so kila siku niko barabarani. Mchana inaenda freshi, ila usiku taa zinafifia taratibu, juzi ikanizimikia Kikatiti wakanisukuma madogo wa bodaboda, na asubuhi ukipiga stata inajivuta kama imeamshwa kwa nguvu. Betri haina hata miezi miwili. Fundi akasema alteneta (ile inayochaji betri injini ikiunguruma) imekufa nikanunua ya mtumba, ikafungwa, hali ileile. Taa ya betri kwenye dashibodi ukifungua swichi inawaka, injini ikishika inazima kabisa, yaani gari linasema liko salama! Nimepima kwenye betri: limezimwa 12.3, linaunguruma 13.1, nikiwasha taa na feni inashuka 12.4.

mzee_wa_kijenge:
Mkanda huo. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, ukizama sana kaza. Halafu toa taminali moja ya betri gari likiwa linaunguruma, likizima ujue alteneta mbovu.

fundi_waya:
Shikamoo mzee. Mkanda sawa aangalie, ila hilo la kutoa taminali hapana, umeme unaruka ghafla unaua regulata (inayodhibiti volti za alteneta) na daiodi, kwenye gari la EFI (mafuta yanaongozwa na kompyuta) hata kontrol boksi, yaani hiyo kompyuta, inaweza kwenda. Nishaletewa gari kama hilo.
Kijana kabla hujanunua kitu kingine, washa gari na taa zote, mita weka volti za DC. Waya mmoja kwenye nati kubwa ya alteneta, mwingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi 0.3 hivi waya mkubwa una shida. Kisha bodi la alteneta na hasi ya betri, gusa chuma kitupu sio kutu. Lete majibu.
Na stata kujivuta na betri mpya, mimi hapo nawaza arthi, yaani waya wa kutoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, unafungwa kwenye giaboksi. Giaboksi ilishushwa karibuni?

kijana_majengo:
Mkuu umejuaje, ilishushwa mwezi uliopita kubadilisha klachi 😳
Mkanda uko poa. Chanya 0.1. Upande wa hasi 1.6.

fundi_waya:
Ndo hiyo. Regulata inapima volti kutokea kwenye bodi la alteneta, kwa hiyo yenyewe inaona 14 imeridhika na taa ya dashi haiwaki, huku betri inapata 12.4. Chukua waya wa kubusti, unganisha hasi ya betri na chuma cha injini upime tena. Na usiendelee kutembea hivyo, umeme ukikosa njia unapita kwenye kebo ya eksileta mpaka inaungua.

mzee_wa_kijenge:
Marahaba. Haya hiyo ya kebo sikuijua.

kijana_majengo:
Wakuu nimerudi. Waya wa kubusti tu ikapanda 14.0 na taa zote zinawaka!! Nikaingia chini na tochi, waya wa arthi wa giaboksi bolti yake imeshikwa kwa mkono tu, inazunguka, na kichwa cha waya kimejaa tope na oili. Nimepiga msasa pande zote mbili nikakaza, asubuhi stata imeshika mara moja na baridi hii.
Sasa alteneta yangu ya mwanzo ipo kwenye buti, kumbe nzima. Niirudishe?

fundi_waya:
Irudishe mangi, hiyo ya mtumba hujui kabon brashi (vipande vya kaboni vya ndani vinavyopitisha umeme, huisha kwa kusuguana) zimebaki kiasi gani.