Tupeane uzoefu: kupanga likizo ya ski Serre Chevalier, Ufaransa

Mchaga wa Lyon

Wakuu, habari za jioni. Baridi ikianza tu huku, meseji zinamiminika: kaka, nataka niwapeleke watoto kwenye theluji, naanzia wapi? Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona tuwe na uzi mmoja, kila aliyewahi kwenda atoe ya kwake.

Mimi naongelea Serre Chevalier, eneo la ski (kuteleza kwenye theluji kwa vibao viwili virefu miguuni) katika bonde la mto Guisane juu ya mji wa Briançon, mkoa wa Hautes-Alpes. Nalipendea jua. Matangazo yao yanadai siku 300 za jua kwa mwaka. Mimi sijakaa kuzihesabu, ila milima ya Alps ya kusini ni mikavu kuliko za kaskazini, na hilo utaliona siku ya kwanza tu. Uzuri ni kwamba miteremko mingi imeelekea kaskazini, hivyo theluji haiyeyuki ovyo hata kama kijijini watu wanakunywa kahawa nje. Halafu misonobari ya kule ni ile inayopukutisha majani wakati wa baridi, kwa hiyo mwanga unapenya hadi chini.

Pa kulala ni Briançon, Chantemerle, Villeneuve au Le Monêtier-les-Bains. Wenye watoto wanaoanza nawashauri Chantemerle au Villeneuve. Lakini kabla ya kutafuta nyumba, chagua wiki. Wafaransa wameigawa nchi kanda A, B na C, na likizo za shule za kipupwe zinapishana kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Ukiangukia humo, bei inapaa na foleni za lifti za kupandia mlimani zinakera. Mimi huenda baada ya hapo. Asubuhi theluji ni ngumu, saa nne inaanza kulainika, saa nane mchana imekuwa uji. Basi watoto wanateleza asubuhi, mchana tunapumzika bila kugombana na mtu.

Na mwalimu msimkwepe. Binti yangu walimpandisha zulia linalotembea, wakamfundisha ncha za mbele za ski zikaribiane na nyuma apanue, basi. Kusimama kwanza, mbio baadaye. Baba aliyekuwa anamfundisha mwanawe mwenyewe pembeni yetu, hadi saa sita wote wawili walikuwa hawasemeshani.

Haya, tiririkeni.

Kivu Bruxelles

Jambo bandugu. Sisi hatuna gari, tunaenda na treni. Kuna ya usiku kutoka Paris Austerlitz hadi Briançon kwenyewe, unalala na kuamkia milimani. Angalieni tarehe mapema, njia ile hufungwa mara nyingine kwa matengenezo. Nyingine ni TGV, treni ya kasi, ya Paris kwenda Milano: unashuka Oulx, upande wa Italia, kisha basi linavuka mpaka pale Montgenèvre, mita 1,850 juu. Hiyo reli ilikatwa na maporomoko ya mawe Agosti 2023, ikafunguliwa tena 2025.

Sasa jambo ambalo vipeperushi havisemi. Mpaka ule ndio wanaoupita kwa miguu vijana wengi wa kwetu Afrika wanaotafuta maisha, hata usiku wa theluji, na ukaguzi ni mkali. Sisi basi lilisimamishwa, walipanda, na walioulizwa karatasi unaweza kukisia walikuwa wa rangi gani. Mke wangu kadi yake ya ukaazi ilikuwa kwenye sanduku, sanduku liko chini ya basi, na dereva akagoma kufungua hadi aambiwe na wakaguzi. Wekeni nyaraka kwenye mfuko wa koti, za watoto pia.

Bi Mwanamvita

Asanteni nyote. Mie ni wa Mombasa, twakaa Birmingham. Nitasema chakula, kwani wanaume hamkumbuki hadi njaa iwashike.

Mikahawa ya huko husifia tartiflette. Ni viazi, jibini, vitunguu, na vipande vya nguruwe ndani yake. Fondue nayo jibini lake huyeyushwa kwa mvinyo mweupe. Kwa hiyo sie twakodi nyumba yenye jiko, nyama ya halali twanunua Grenoble tukipita, na viungo natoka navyo nyumbani. Nimepika pilau ya watu sita kwenye jiko la sahani mbili, harufu ikafika ngazini, jirani Mfaransa akabisha hodi na sahani yake mkononi!

Kwa wanaovaa hijabu: ninja nyepesi ya kubana chini ya helmeti, shingo uifunike kwa ile skafu ya mviringo ya kuvuta juu. Mtandio mrefu acheni, waweza kunasa kwenye lifti. Na soksi ni pea moja ndefu, nyembamba. Ukivaa mbili ukidhani wajikinga baridi, hujikunja ndani ya kiatu na muundi wako utalia.

Bwawa la maji moto la Monêtier ni zuri, ila ulizeni mavazi kabla ya kulipa. Mabwawa mengi Ufaransa hayataki kaptula pana wala vazi la kujisitiri.

Mama Nuru

Mimi sitelezi na sina mpango. Magoti yangu nayapenda. Wenzangu wakipanda lifti ya Prorel, ile ya kutoka Briançon, mimi nakwenda mji mkongwe wa Briançon, ule wa ngome za Vauban, mhandisi wa mfalme Louis XIV, ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Barabara kuu imeshuka wima, katikati yake unapita mfereji mwembamba wa maji. Ukitoka hapo, Monêtier kwenye maji moto ukiangalia theluji. Msimlazimishe mtu ski, na kabla ya kumnunulia pasi ya wiki nzima muulizeni kama anaitaka.

Dogo wa Temeke

Wakuu, na sisi tulioko Bongo? Viza inakuwaje?

Mchaga wa Lyon

Dogo, ni Schengen ya kawaida, viza moja ya Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Ada euro 90 kwa mtu mzima, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15. Usingoje hizo 15. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya kufikia euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: nyingi hazigusi ski. Ukivunjika mguu mteremkoni Ufaransa, kuteremshwa na waokoaji ni kwa bili yako. Unapolipia pasi ya lifti utaulizwa kama unataka na bima ya siku. Itikia.

Dereva wa Torino

Wanaotua kwa ndege, Torino ndio uwanja wa karibu, mimi huwapokea wageni pale. Wa kutokea Grenoble mnapita Col du Lautaret, njia ya mlimani, mita 2,058, na theluji ikizidi wanaifunga kwa hofu ya maporomoko. Angalia hali ya barabara asubuhi hiyohiyo. Na kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi sheria inataka tairi za theluji au minyororo ya tairi kwenye buti ya gari. Gari la kukodi usichukue funguo kabla hujafungua buti ukaiona. Minyororo uijaribu uani mchana, usingoje kujifunza gizani vidole vimekufa ganzi.

Dogo wa Temeke

Nashukuru. Miwani ya jua ya Kariakoo inafaa?

Mchaga wa Lyon

Hapo usibane matumizi. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya ile mionzi inayounguza, na weusi wetu hausaidii macho wala midomo. Tafuta yenye alama ya CE, ya viwango vya Ulaya, giza la daraja la 3 au la 4. La 4 usiendeshee gari, ni nyeusi mno.