Wazo la kisiasa hupita kwa kuzoeleka, au kwa kulazimishwa?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Miaka ya 1990 Joseph Overton, wa taasisi ya Mackinac Center kule Michigan, Marekani, alieleza kwamba mwanasiasa huchagua ndani ya "dirisha" tu, yaani yale ambayo umma unayaona ya kawaida. Lililo nje haligusi hata liwe na akili kiasi gani, anaogopa kura. Kwa hiyo sera haibadilishwi na mbunge. Inabadilishwa na wale wanaolisema wazo wakachekwa, wakalirudia wakabishiwa, mwisho kila mtu anajifanya hakuwahi kulipinga.

Ushahidi wangu ni Uswisi. Februari 1959 wanaume, ambao ndio peke yao waliokuwa wapiga kura, waliulizwa kama wanawake nao wapewe haki hiyo. Thuluthi mbili wakakataa. Februari 1971 wakaulizwa tena. Thuluthi mbili wakakubali. Hapo kati hapakuwa na mapinduzi. Ila majimbo kama Vaud, Neuchâtel na Geneva yalishawaruhusu wanawake kupiga kura za jimbo, na majirani wakaona hakuna kilichoharibika.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Twende Uswidi. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kama magari yahamie upande wa kulia wa barabara, na asilimia 83 hivi wakasema hapana. Dirisha limefungwa, komeo juu. Mwaka 1963 Bunge likapitisha vilevile. Alfajiri ya 3 Septemba 1967, saa 10:50, magari machache yaliyokuwa barabarani yalisimama, yakavuka taratibu kwenda upande wa pili, yakangoja. Ilipogonga saa 11 kamili, safari ikaendelea kuliani. Watu walizoea baada ya sheria.

Ufaransa nayo ilifuta hukumu ya kifo Oktoba 1981 huku wengi bado wakiitaka. Mgombea urais Mitterrand alisema wazi kabla ya uchaguzi kwamba anaipinga, na akashinda.

Mchangiaji wa pili:
Mnasahau kwamba dirisha hurudi nyuma pia. Marekani ilipiga marufuku pombe 1920, ikairuhusu tena 1933. Halafu kuna ujanja ambao hamjautaja: mtu anataka kumi, anataja mia. Watu wakishapiga kelele juu ya mia, anawaletea ile kumi na wanamwona muungwana. Mimi hiyo ndiyo inayonitisha, kwa sababu anayeweza kulipia kelele nyingi ndiye anayelisogeza dirisha.

Mleta mada:
Kuhusu Bunge la Uswidi nimekubali. Lakini serikali yenyewe ilijua sheria peke yake haitoshi. Nembo ya mabadiliko yale ilibandikwa mpaka kwenye maboksi ya maziwa na chupi. Kama mazoea si kitu, gharama zote zile za nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Za kuzuia ajali, mkuu. Uamuzi ulishapita, hakuna aliyekuwa anaombwa ridhaa. Na hiyo Uswisi yako hujaimaliza: jimbo la Appenzell Innerrhoden, wanaume walikataa tena Aprili 1990 kuwaruhusu wanawake kupiga kura za jimbo. Novemba mwaka huohuo mahakama ya juu ya shirikisho ikawaamuru wawaruhusu. Walikuwa na miaka 19 ya kuwatazama wanawake haohao wakipiga kura za taifa. Hapo mazoea yalifanya kazi gani?