Stori yetu imeondolewa gazetini usiku wa mwisho, mwanafunzi wa uandishi ana haki gani?

kalamu_mbichi: Wakuu habari zenu, niko mwaka wa pili uandishi wa habari. Tuliandika stori ya ada kupanda, tukahoji wanafunzi 12, ofisi ya fedha tukaipelekea maswali mara mbili hawakujibu na tukaandika hivyohivyo kwamba hawakujibu, sasa usiku wa gazeti kwenda mtamboni msimamizi akaitoa yote akajaza picha za mahafali. Eti mambo hayo tutaandika tukishahitimu. Wenzangu wanasema tuhamie michezo tusijitafutie balaa. Inaniuma sana, tunyamaze?

meza_ya_habari: Pole mdogo wangu. Hiyo ya kuhamia michezo ndo inanitisha kuliko stori yenyewe kutolewa. Nimepokea vijana wengi chumba cha habari, anaandika vizuri kabisa ila mtume akamuulize mkubwa swali gumu, anarudi na taarifa kama alivyopewa, hajauliza hata moja. Ule woga hakuna mwalimu aliyemfundisha, kaupata kwa kufutiwa kazi zake mpaka akazoea kujifuta mwenyewe kabla hajaandika. Ukikosea ukiwa chuoni unasahihishwa, sasa usipojaribu hapo utajaribia wapi?

wakili_mtarajiwa: Mkuu tafuta kesi ya Hazelwood kule Missouri, Marekani. 1983 mkuu wa shule aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi, zilikuwa na stori za mimba za wanafunzi na talaka za wazazi, wanafunzi wakaenda mpaka Mahakama ya Juu na 1988 wakashindwa kwa kura 5 kwa 3. Mi naona ile hukumu iliwapa wakuu wa shule rungu kubwa mno, lakini soma hoja za majaji, walisema mabinti wangetambulika hata bila majina na mzazi aliyesemwa hakupewa nafasi ya kujibu. Nyie nafasi ya kujibu mmetoa mara mbili! Alafu Ibara ya 19 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, hakuna mahali imesema mpaka uhitimu.

kalamu_mbichi: Asanteni sana. Kesho naenda na rekodi zote na zile barua pepe, namwomba msimamizi aniandikie ni sentensi ipi yenye kosa. Wawili wamekubali tuende wote.