Kupika rojo la karatasi kwa makapi ya mkonge: maji meusi yaende wapi?

MkongeKorogwe:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika shamba la mkonge wilayani Korogwe, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiyatazama makapi yanayotoka kwenye korona, yaani mashine ya kukamua majani ya mkonge, nikijiuliza kama hayana kazi nyingine. Katika kila tani 100 za majani tunapata tani 4 au 5 tu za singa kavu, yaani nyuzi ndefu za kuuzwa; yote mengine ni maji na nyama ya jani, na ndani yake zimo nyuzi fupi nyingi ambazo haziwezi kufungwa kwenye robota kwa kuwa soko la kamba halizitaki. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, mahitaji ya mifuko ya kaki yameongezeka, na ndiyo maana nikafikiria karatasi.

Mwaka huu nimefanya jaribio. Nilizisuuza nyuzi fupi, nikazikausha, nikazikata vipande vya kama sentimita 2, nikazichemsha saa 5 kwenye pipa la chuma kwa kostiki soda, kisha nikazisuuza tena na kuzitwanga kwenye kinu. Karatasi niliyoichota kwa fremu ya chandarua ilitoka na rangi ya mchanga, nyepesi lakini ngumu ajabu. Kijana wangu wa miaka 17 alijaribu kuichana akashindwa mpaka alipoanza kwa meno.

Jambo linalonikosesha usingizi ni maji yaliyobaki. Yalikuwa meusi kama kahawa chungu, yakiteleza vidoleni, na nilipoyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, migomba miwili iliyokuwa karibu ilikauka na udongo ukafanya gamba lisilopitisha maji ya mvua. Ninataka kuanzisha kiwanda kidogo cha tani 1 ya karatasi kwa siku. Je, viwanda vikubwa huyafanyaje maji haya, na je, mimi ninaweza kufanya hivyo hivyo kwa kiwango changu? Tena, ikiwa mkonge unatoa karatasi imara kiasi hiki, kwa nini kiwanda kikubwa cha karatasi cha Mgololo kinapika paini?

Mstaafu wa Boila:

Ndugu yangu wa Korogwe, umeanza na swali ambalo wengi hulifikia wakiwa wameshanunua mashine, na kwa hilo ninakupongeza. Nimefanya kazi zaidi ya miaka 20 upande wa boila katika kiwanda cha kupika miti, na ninachoweza kukuambia ni kwamba mtu akitembelea kiwanda cha namna hiyo hupelekwa kuona mashine ndefu ya karatasi, ilhali sehemu kubwa ya uhai wa kiwanda iko nyuma, pale maji meusi yanapogeuzwa kuwa dawa ya kupikia tena.

Mti kwa sehemu kubwa ni nyuzi za selulosi zilizogandishwa pamoja na gundi ya asili iitwayo lignini. Ukivipika vibanzi vya paini kwa kostiki na salfaidi ya sodiamu kwenye joto la kama nyuzijoto 170 za Selsiasi, lignini huyeyuka na nyuzi huachana. Takriban nusu tu ya uzito wa mti ndiyo inayobaki kuwa rojo, yaani nyuzi laini za kutengenezea karatasi. Nusu nyingine, pamoja na karibu dawa yote uliyoiweka, inaondoka na maji meusi. Kwa hiyo anayemwaga maji hayo anamwaga nusu ya kuni zake na fedha yake yote ya dawa kwa pamoja.

Tunachofanya ni hiki. Maji meusi yanapotoka kwenye kuosha rojo huwa na yabisi, yaani vitu vigumu vilivyoyeyuka ndani yake, takriban asilimia 15. Yanapitishwa kwenye mfululizo wa mitungi ya kuvukizia, mvuke wa mtungi mmoja ukiuchemsha mtungi unaofuata, mpaka yabisi inafika asilimia 65 hadi 75. Hapo yamekuwa mazito kama asali ya molasi, na yakipoa ndani ya bomba ni kazi ya siku nzima kuyatoa. Yakiwa bado ya moto hupulizwa ndani ya tanuri la boila na kuwaka yenyewe, kwa kuwa lignini ni kuni nzuri. Mvuke wake huendesha jenereta na kukausha karatasi. Chini ya tanuri hubaki chumvi iliyoyeyuka, nyekundu kama chuma cha mhunzi, ikitiririka kwenye mifereji na kuangukia tangi la maji kwa mlio wa kupasuka usiokoma usiku na mchana. Chumvi hiyo ikigusana na maji ndani ya tanuri, kwa mfano bomba likitoboka, boila nzima inaweza kulipuka, na ndiyo sababu hakuna aliyeruhusiwa kulala zamu pale. Ndani ya tangi hupatikana maji ya kijani yenye kaboneti ya sodiamu. Yakichanganywa na chokaa, kostiki inarudi, na mashapo meupe yanayobaki huchomwa kwenye tanuri la chokaa yawe chokaa tena. Kiwanda kilichotunzwa vizuri hurejesha zaidi ya asilimia 95 ya dawa yake.

Kupika miti kwa kostiki kulijulikana tangu miaka ya 1850, na njia ya salfaidi aliigundua Carl Dahl kule Danzig mwaka 1879, ikaitwa kraft, yaani nguvu kwa Kijerumani. Hata hivyo haikutawala dunia mpaka boila ya Tomlinson, yaani hii ya kuchoma maji meusi na kurejesha dawa, ilipopatikana Kanada katika miaka ya 1930.

Sasa nije kwako. Boila ya namna hiyo haiwezi kujengwa ndogo ikalipa. Kwa kawaida kiwanda kinachopika chini ya tani 100 kwa siku hakimudu gharama zake. Mgololo kiliundwa kwa tani 60,000 kwa mwaka, na paini ya msitu wa Sao Hill iko jirani yake, hailipiwi nauli ndefu, na inaweza kurundikwa uwanjani miezi kadhaa bila kuoza. Singa za mkonge ni bora kuliko paini kwa uimara, lakini bei yake katika soko la kamba ni kubwa mno kuzifanya karatasi ya kaki. Ndiyo maana rojo la mkonge duniani huishia kwenye karatasi za pekee kama za vichujio. Tani 1 kwa siku kwa njia ya kostiki, bila mahali pa kupeleka maji meusi, mimi nisingekushauri hata ukipewa mtaji bure.

Mkemia Moro:

Ninaunga mkono aliyosema mzee hapo juu, nami niongeze hesabu ili ukubwa wa tatizo uonekane. Tuchukulie kwamba nyuzi zako zinatoa rojo asilimia 60 ya uzito wake mkavu, kwani mkonge una lignini kidogo kuliko miti, na kwamba unatumia kostiki asilimia 15 ya uzito wa nyuzi. Kwa tani 1 ya rojo unahitaji takriban kilo 1,650 za nyuzi kavu na kilo 250 za kostiki kila siku. Katika kostiki, sehemu 23 kati ya 40 za uzito ni sodiamu, kwa hiyo ni kama kilo 143 za sodiamu kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni karibu tani 43 kwa mwaka zikiingia katika ardhi au mto mmoja. Gamba uliloliona ni sodiamu iliyotawanya chembe za udongo wa mfinyanzi mpaka matundu yake yakaziba. Kuyasawazisha maji hayo kwa asidi kutaondoa ukali na kuzamisha lignini, lakini sodiamu yenyewe haitoki. Itabaki pale pale kama chumvi nyingine.

China ilikuwa na maelfu ya viwanda vidogo vilivyopika mabua ya ngano na mpunga bila kurejesha dawa, na hali ya mto Huai ilipofikia pabaya, serikali iliamuru mwaka 1996 vile vya chini ya tani 5,000 kwa mwaka vifungwe. Ninautaja mfano huu kwa sababu karatasi yao ilikuwa na soko na wafanyakazi wao walikuwa hodari. Maji meusi ndiyo yaliyowafunga.

Mtu anaweza kukushauri utumie kemikali iitwayo antrakwinoni, ambayo tangu mwaka 1977 inajulikana kuharakisha mapishi ya kostiki kwa kiasi kidogo mno, asilimia 0.1 au chini ya hapo. Kikemia ushauri huo ni sahihi, lakini tangu mwaka 2013 taasisi ya Ujerumani inayosimamia usalama wa vyakula haiikubali tena kwenye karatasi za kufungia chakula, kwa kuwa inashukiwa kusababisha saratani. Kama mifuko yako itabeba mkate au maandazi, achana nayo.

Njia mbili ninaziona zinafaa kuchunguzwa. Ya kwanza ni kupika kwa potasiamu badala ya sodiamu. Hidroksidi ya potasiamu huyeyusha lignini vilevile, na maji meusi yake, yakisawazishwa na kupunguzwa makali, yanaweza kurudi shambani kwa kuwa potasiamu ni chakula cha mmea. Tatizo ni bei, na kwamba lazima shamba la kuyapokea liwepo kweli, si kwenye karatasi tu. Ya pili ni kutopika sehemu kubwa ya malighafi yako kabisa. Maboksi chakavu yalishapikwa na mtu mwingine. Yanahitaji maji na kuvurugwa tu. Nyuzi za boksi huchoka na kufupika kila zinaporudiwa, na hapo ndipo rojo kidogo la mkonge, asilimia 10 au 15 ya mchanganyiko, linaweza kurudisha uimara, hasa ule wa kustahimili kuchanika.

Karatasi Kisumu:

Hamjambo nyote. Kikundi chetu cha akina mama hapa Kisumu kinatengeneza karatasi za mkono kutokana na magugu maji ya ziwani, tukichanganya na karatasi chakavu za ofisini, maana gugu peke yake ni maji matupu, zaidi ya asilimia 90, na karatasi yake hukakamaa na kuvunjika kama jani kavu. Sisi tuliacha kostiki baada ya mwenzetu kuungua mkono. Tunatumia majivu ya maganda ya ndizi: tunayachuja kwa maji usiku kucha, tunatia chokaa, tunaacha yatulie, halafu tunachemshia maji ya juu. Bwana mkemia atanisahihisha, lakini nadhani hiyo ndiyo potasiamu anayoisema. Mapishi huchukua muda mrefu zaidi na rojo halilingani kila siku, kwa sababu majivu hayalingani.

Ndugu wa Korogwe, mambo mawili ya mikono yetu. Usichemshe dawa hizi kwenye sufuria ya alumini hata siku moja. Inaliwa, na hewa inayotoka huwaka. Pia kipimo chetu cha rojo ni chupa ya glasi: tia kijiko kimoja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, inua kwenye mwanga. Ukiona mawingu laini yanayoshuka sawasawa, liko tayari. Ukiona vijiti vinavyozunguka, rudisha jikoni.

MkongeKorogwe:

Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Hesabu ya tani 43 nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu na hapakuwa na aliyetaka tena kuzungumzia pipa kubwa zaidi. Tumekubaliana tujaribu maboksi chakavu kutoka Tanga mjini, na mkonge asilimia 10 uliopikwa kwa majivu na chokaa. Ninaomba mwongozo katika jambo moja: nikiongeza mkonge, karatasi inatoka na mabonge, na kwenye mashine ya kuponda niliyoazima nyuzi zinajizungusha kwenye mhimili mpaka inasimama.

Mstaafu wa Boila:

Marahaba, mwanangu. Kujizungusha kunatokana na urefu: sentimita 2 ni nyingi kwa mashine ndogo, kata milimita 5 hadi 8. Mapishi yakiiva, kila unywele wa singa huachana na kuwa nyuzi ndogondogo za milimita 3 hivi, kwa hiyo hupotezi kitu kikubwa. Mkonge upondwe peke yake, usiuchanganye na maboksi ndani ya mashine, kwani nyuzi za boksi zitasagika kuwa vumbi kabla mkonge haujalainika.

Mabonge ni dalili ya maji machache. Kwa kila lita 100 za maji kwenye beseni la kuchotea, usizidishe gramu 300 za nyuzi kavu, koroga taratibu kutoka chini, na uchote mara tu unapoacha kukoroga. Maji yanayochuruzika chini ya fremu usiyamwage. Yarudishe kwenye beseni, kwa kuwa yamebeba nyuzi fupi. Yale ya mapishi yatenge kwenye pipa lake mwenyewe, uyapime ukali kwa karatasi ya kupimia pH, uyaandike kiasi chake kila siku, na kabla hujayapeleka mkongeni jaribu kwanza kwenye mstari mmoja wa mimea kwa msimu mzima wa mvua.