Naomba ushauri: slaidi za makohozi zinaonyesha eosinofili tele, ELISA inasema interlukini-5 haipo

MasiziKifuani

Wakuu, habari za leo, na wakubwa wote shikamooni.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Tanzania, na utafiti wangu unahusu uvimbe wa njia za hewa kwa mama ntilie wenye pumu wanaopikia mkaa na kuni kutwa nzima. Ninataka kujua kama uvimbe wao ni ule wa eosinofili, tuliouzoea katika pumu ya mzio, au ni wa nyutrofili, unaofanana zaidi na wa wavuta sigara (zote mbili ni aina za seli nyeupe za damu). Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa uvimbe wa eosinofili hutulia kwa steroidi ya kuvuta, ilhali ule wa nyutrofili kwa kawaida hauitikii dawa hiyo vizuri.

Utaratibu wangu ni huu. Mshiriki hupuliza spirometa, hupewa salbutamoli, kisha huvuta ukungu wa maji ya chumvi ya asilimia 4.5 kwa nebulaiza huku nikimpima tena kila baada ya dakika chache, na pumzi ikishuka kwa asilimia 20 ninasimamisha. Makohozi ninayamimina kwenye sahani ya kioo iliyo juu ya karatasi nyeusi, ninaokota vibonge kwa kibanio na kuyaacha mate, ninapima uzito, ninaongeza DTT (kemikali ya kulainisha ute) ya asilimia 0.1 mara nne ya uzito huo, kisha bafa ya fosfeti mara nne, ninachuja na kuzungusha kwenye sentrifuji. Mashapo yanapakwa kwenye slaidi na ninahesabu seli 400. Maji ya juu yanakwenda kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Tatizo limejitokeza baada ya washiriki 22. Tisa kati yao wana eosinofili zaidi ya asilimia 3, na mmoja amefika asilimia 31. Lakini nilipopima interlukini-5 (protini ya kinga inayochochea eosinofili) kwa ELISA, yaani kipimo kinachonasa protini kwa kingamwili, wote 22 wamesoma chini ya kiwango kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukiona, hata huyo wa asilimia 31. Interlukini-8, protini inayoita nyutrofili, katika maji yaleyale, imesoma vizuri. Msimamizi wangu anaamini nimehesabu vibaya na anashauri niachane na slaidi. Mimi ninashuku friza, kwa sababu umeme ulikatika usiku mmoja na jenereta ya jengo haikuwashwa hadi asubuhi.

Jambo jingine, pengine halihusiani: kwa yule wa asilimia 31 nilitazama kibonge kibichi kabla ya kuweka DTT, nikaona vitu kama sindano vilivyochongoka ncha zote mbili. Nilidhani ni chumvi ya nebulaiza.

Je, nitupe slaidi, nitupe ELISA, au nianze upya?

Hadubini_Kongwe

Marahaba. Usitupe slaidi hata moja.

Nianze na hizo sindano, maana zimenichangamsha. Chumvi ya kawaida ikikauka hufanya miraba kama vipande vidogo vya sukari guru, na kwenye kibonge kibichi ingekuwa imeyeyuka. Ulichokiona, kwa maelezo yako, ni fuwele za Charcot-Leyden. Daktari Mfaransa Charcot aliziandika mwaka 1853 na Mjerumani Leyden akaziona katika makohozi ya wenye pumu mwaka 1872, miaka michache kabla Ehrlich hajaipa eosinofili jina lake mwaka 1879 kutokana na rangi ya eosini inayoidaka. Fuwele hizo ni protini iitwayo galektini-10, ambayo imejaa ndani ya eosinofili. Seli zikipasuka kwa wingi mahali pamoja, protini hiyo inagandamana na kuwa sindano. Kwa zaidi ya karne moja tulizichukulia kama kaburi la eosinofili tu, hadi mwaka 2019 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walipoonyesha kwa panya kwamba fuwele zenyewe zinachochea uvimbe na ute.

Kwa hiyo unao ushahidi wa pili, usiotegemea hesabu yako, kwamba mama yule ana eosinofili kweli kifuani. Kipimo kinachoshukiwa ni ELISA. Mwonyeshe msimamizi wako picha, kama ulipiga.

Hata hivyo, hesabu yako nayo ikaguliwe. Mpe mtu mwingine slaidi sita bila majina wala umri azihesabu upya, nawe zihesabu tena bila kutazama daftari. Eleza pia ulikuwa na seli bapa za mdomoni kwa kiasi gani katika kila sampuli, kwa sababu slaidi iliyojaa seli bapa ni mate, hata kama umeyaita makohozi.

Kipimo_Rahisi

Kwa nini ujitese na makohozi? Chukua damu ya kidole, hesabu eosinofili, maliza shahada. Damu haikohoi wala haina ute.

DaktariWaKifua

Ndugu yangu Kipimo_Rahisi, ushauri wako ungefaa zaidi Stockholm kuliko hapa kwetu. Mabuu ya askaris, ya safura na ya strongiloidi hupita mapafuni kabla ya kutulia tumboni, na mwenye minyoo hiyo anaweza kuwa na eosinofili nyingi katika damu bila pumu yoyote. Ukanda wa pwani una matende na mabusha, na baadhi ya walioambukizwa minyoo ya filaria hupata ugonjwa wa mapafu wenye kikohozi cha usiku na mbano wa kifua, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa pumu. Kwa MasiziKifuani neno hili lina makali pande zote mbili: hata makohozi hayajavuka kabisa tatizo la minyoo. Uliwapima choo washiriki wako? Kama hukuwapima, bado hujachelewa kwa wale unaoweza kuwapata, na kwa yule wa asilimia 31 ningefanya hivyo wiki hii, kwa sababu mtu mwenye strongiloidi akianzishiwa vidonge vya steroidi kwa jina la pumu anaweza kufa.

Nina maswali mengine mawili. Wangapi kati yao wanatumia steroidi ya kuvuta, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Dawa hiyo huondoa eosinofili ndani ya siku au wiki chache, na kwa upande mwingine steroidi hurefusha maisha ya nyutrofili, kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa yake vizuri anaweza kuonekana kwenye slaidi kama mhanga wa moshi.

La pili ni la usalama, nalo halisubiri. Maji ya chumvi unayotumia ndiyo tunayotumia kuwakohoza watoto wanaoshukiwa kifua kikuu. Unapomkohoza mtu mzima katika chumba kilichofungwa, ukiwa umevaa barakoa ya kitambaa, unavuta chochote alicho nacho. Washiriki wote wachujwe kwa kipimo cha kifua kikuu kabla ya nebulaiza, kazi ifanyike nje au kwenye chumba chenye madirisha yanayopitisha upepo, nawe vaa N95, barakoa inayochuja hewa. Sikuona hayo katika maelezo yako na nimepata wasiwasi.

Vifungo_vya_Salfa

Nitajibu swali la ELISA, kwa sababu mtego huu uliwahi kuninasa miezi mitano mizima.

DTT unaiweka ili makohozi yalainike. Ute ni musini, molekuli ndefu zilizounganishwa kwa vifungo vya salfa, na DTT huvikata vifungo hivyo hadi ute unakuwa maji na seli zinaachiliwa. Kwa seli ni jambo jema. Lakini DTT haina macho ya kutofautisha musini na protini nyingine. Interlukini-5 hufanya kazi ikiwa jozi ya minyororo miwili iliyoshikana kwa vifungo vya aina hiyohiyo. Ukivikata, umbo ambalo kingamwili ya ELISA imefundishwa kulitambua linaharibika. Kingamwili iliyobandikwa kwenye sahani nayo ina vifungo vya salfa, kwa hiyo DTT inaweza kumjeruhi mpimaji na anayepimwa kwa pamoja. Interlukini-8 imekusomea vizuri kwa sababu makohozi huwa nayo kwa wingi mno, kiasi kwamba hata ikipotea sehemu, inayobaki inatosha kusomeka.

Ongeza na hili: kwa hesabu yako ya mara nne na mara nne, makohozi yamezimuliwa mara tisa. Interlukini-5 ilikuwa chache tangu mwanzo.

Kabla ya kutupa kitu, fanya jaribio la siku moja. Chukua maji ya juu ya washiriki watatu na ugawe kila moja mafungu mawili. Fungu moja libaki lilivyo. La pili litie kiasi unachokijua cha interlukini-5 kutoka kwenye chupa ya viwango. Kiasi hichohicho kitie pia kwenye bafa tupu, na kwenye bafa yenye DTT ya nguvu ileile iliyomo katika sampuli zako, kisha soma vyote kwenye sahani moja. Bafa tupu ikirudisha kila ulichotia na bafa yenye DTT ikapoteza, umemkamata mhalifu. Bafa zote mbili zikisoma vizuri lakini makohozi yakapoteza, shuku vimeng'enya vya nyutrofili, hasa elastesi, vinavyokatakata saitokini, yaani protini za kinga kama interlukini. Hapo dawa ni kuongeza vizuizi vya proteasi mara tu unapokusanya sampuli. Friza utaihukumu kwa njia nyepesi zaidi: tazama kama sampuli zilizoingia baada ya usiku ule nazo zinasoma sifuri.

Kwa washiriki wanaofuata, tenganisha kazi mbili. Kibonge kitie bafa ya fosfeti mara nane ya uzito, bila DTT, tikisa, zungusha taratibu, chota maji ya juu mara nne uyahifadhi kwa ajili ya saitokini. Kwenye kilichobaki ongeza DTT ya asilimia 0.2 mara nne, ili iwe 0.1 baada ya kuchanganyika, na uendelee na seli kama kawaida.

Kama bajeti inaruhusu, okoa sehemu ya mashapo kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni. Ujumbe wa jeni za interlukini-4, 5 na 13 unaweza kupimwa kutoka kwenye seli zenyewe, na DTT haiugusi kama inavyoigusa protini.

Hadubini_Kongwe

Niongeze moja kuhusu lile wazo la kuachana na slaidi. Dawa ya mepolizumabu, kingamwili inayozuia hiyo interlukini-5 unayoitafuta, ilijaribiwa kwanza kwa wenye pumu bila kuchagua aina ya uvimbe wao, na matokeo yakakatisha tamaa. Mwaka 2009 majaribio mawili, moja la Leicester, Uingereza, na jingine la Hamilton, Kanada, yaliwachukua wenye eosinofili katika makohozi, na dawa ileile ikapunguza mashambulizi. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyekaa kwenye hadubini akahesabu.

Halafu, slaidi zako zina kipimo ambacho hujakitaja. Makrofaji (seli zinazomeza uchafu mapafuni) za mama ntilie lazima zina madoa meusi ndani yake. Hayo ni masizi. Piga picha makrofaji 50 kwa kila mshiriki na upime eneo la weusi. Leicester walifanya hivyo kwa watoto na kuchapisha mwaka 2006, na Blantyre, Malawi, wamefanya kwa watu wazima wanaopikia kuni. Utapata kiasi cha moshi kilichofika kifuani kweli, badala ya kutegemea dodoso la "unapika saa ngapi kwa siku".

MasiziKifuani

Shukrani kwa wote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka nirudi na jibu.

Bafa tupu ilirudisha karibu yote niliyotia. Bafa yenye DTT ilirudisha chini ya robo, na makohozi yote matatu chini ya hapo kidogo. Sampuli za baada ya usiku wa friza zinasoma sifuri vilevile, kwa hiyo fundi wa jenereta nimemsamehe. Mwenzangu alihesabu upya zile slaidi sita na tumetofautiana kwa asilimia 2 tu kwenye iliyotuachanisha zaidi. Msimamizi ametazama picha ya sindano kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninazo nyingine.

Kuhusu usalama, daktari, sina la kujitetea. Tulikuwa tunafanyia chumbani. Nimesimamisha ukusanyaji, nimeandika mabadiliko ya itifaki kwa kamati ya maadili, na tukiruhusiwa tutahamia kwenye kibaraza cha nyuma. Mama wa asilimia 31 amepima choo na strongiloidi imeonekana. Ameanza ivermektini, dawa ya minyoo, leo asubuhi. Nitalazimika kumtoa kwenye kundi la pumu hadi apimwe tena, na hapo nitabaki na wanane. Swali langu jipya: hao wanane niwapime minyoo wote kabla ya kugusa takwimu, au niwapime pamoja na wale kumi na watatu wasio na eosinofili?

DaktariWaKifua

Wote, na kwa njia ileile. Ukiwapima wanane peke yao, minyoo utaiona pale tu ulipokwenda kuitafuta. Na kwa strongiloidi kipimo kimoja cha choo hakitoshi. Omba sampuli tatu za siku tofauti.