Tupeane uzoefu: kununua nyumba yenye kisima hapa Mwanza

Binti Ukerewe: Wakuu, nimeoneshwa nyumba Buswelu, ina kisima kirefu uani na simtanki la lita 5,000. Dalali anaapa maji hayajawahi kukauka. Mliowahi kununua yenye kisima, mlikagua nini kabla ya kutoa hela?

Msukuma wa Kisesa: Nenda mwezi wa tisa. Masika kila kisima kina maji.

Baba Wawili: Umenikumbusha mbali. Nyumba ya Kishiri, muuzaji kafungua bomba, maji yanaruka, mke wangu keshaanza kupanga pa kupanda mchicha. Nikaomba kitu kimoja: tufunge valvu ya tanki, tuwashe pampu, maji yatoke kisimani moja kwa moja hadi kwenye ndoo. Akaanza, oh, umeme mdogo. Tukasubiri. Pampu ikawaka. Ndoo mbili safi, ya tatu tope la njano, kisha bomba likabaki kutoa hewa tu. Kisima kimekata! Nikapanda mnara kuchungulia tanki, limejaa pomoni. Jirani akaninong'oneza getini: boza la maji lilikuja jana usiku kujaza tanki. Dalali akanijia juu eti naharibu biashara. Nilitetemeka kwa hasira, hela yenyewe ilikuwa mirathi ya marehemu baba.

Nyegezi Juu: Boza usiku! Ikaishia wapi hiyo nyumba?

Baba Wawili: Iliuzwa. Namwonea huruma aliyenunua mpaka leo.

Mama Kiseke: Wingi peke yake hautoshi. Angalia vyoo. Huku kwetu udongo mwembamba, chini mawe, maji machafu yanapita kwenye nyufa. Walau mita 30 toka shimo la choo, na la jirani lihesabiwe, hasa aliye juu yako mlimani.

Fundi Igoma: Mnamtisha bure. Achemshe.

Mama Kiseke: Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi na naitreti, chumvi zilizoyeyuka majini, hazitoki, tena zinakolea maji yakipungua sufuriani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na wanaoharibika meno ni watoto. Maabara ya maji ya wizara ipo hapahapa Mwanza.

Fundi Igoma: Babu yangu kayanywa hayohayo mpaka uzee.

Nyegezi Juu: Na wadogo zake waliokufa kwa kuhara utotoni, wamehesabiwa?

Binti Ukerewe: Jamani msigombane. Sampuli naweka chupa ya soda?

Mama Kiseke: Hapana mdogo wangu. Ya vijidudu inataka chupa iliyotakaswa, ichukue maabara. Chota yanayotoka kisimani, siyo ya tanki, weka kwenye barafu, fikisha siku hiyohiyo.

Kijana wa Igogo: Dai na karatasi za mchimbaji: kina, pampu imeshushwa mita ngapi, majibu ya kupima wingi wa maji. Na kibali cha kutumia maji toka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Msukuma wa Kisesa: Au vuta bomba la idara ya maji, kisima kiwe akiba.

Nyegezi Juu: Mgao ukianza utakikumbuka kisima.

Binti Ukerewe: Jumamosi naenda na ndoo. Nani anajua fundi pampu mwaminifu wa kwenda naye?

Baba Wawili: Nitakuja mwenyewe, dada. Niandikie pembeni.